Wivu, kijicho, gere, husuda, choyo, donge: ni kitu kimoja au kila kimoja na chake?

#1 Kalamu Butu
Wakuu, habari za jioni.

Jirani yetu wa chini kanunua IST. Nyeupe, viti bado vina nailoni. Jumapili nimekaa kibarazani namtazama akiiosha mara ya pili siku hiyo hiyo, nikamwambia mke wangu, "Huyu jamaa ananitia wivu." Mke wangu ni mzaliwa wa Pangani. Aliacha kuchambua mchele, akanitazama juu mpaka chini: "Wivu? Umeanza kumpenda lini?"

Nikadhani utani. Kumbe somo. Anasema wivu ni wa mtu na mkewe, au mtu na mumewe. Mali ya jirani unaionea kijicho. Ukitaka kujisitiri, sema gere. Na kama moyoni unaomba hilo gari ligongwe, hiyo ni husuda, nenda ukatubu.

Mimi nimekulia Tukuyu, Kiswahili changu cha darasani. Kwetu gari ni wivu, mke ni wivu, mwenzako kupandishwa cheo ni wivu. Madai yangu: wivu umeshameza maneno yote hayo na mke wangu anaongea Kiswahili cha bibi yake. Wajuzi nipeni hoja niende nazo mezani.

#2 Ngoja Waje
Nimekaa siti ya mbele. Karanga ninazo.

#3 Mtoto wa Kibokoni
Kaka, rudi kwa mkeo ukaombe radhi. Huku Mombasa kijicho ni kijicho na wivu ni wivu. Mtu aona mwenziwe amejenga, ameoza binti kwa heshima, duka lajaa wateja, roho yamuuma: huyo ana kijicho. Wivu ni wa alo na mwenza. Mamangu akimsifu shangazi yangu husema, "Hana kijicho yule mwanamke, hata ukimuonyesha dhahabu atakuombea dua. Lakini wivu! Mumewe hawezi kumsalimia hata muuza mahamri." Ukiyachanganya hayo mawili, sifa hiyo haina maana tena.

Na kuna kijicho pembe. Mtu hakutazami usoni, akutazama kwa pembe ya jicho, kuanzia kiatu. Arusini utawaona.

#4 Wa Githurai
Niaje wadau. Huku tunasema "kuskia wivu" na imetosha. Gari, mpenzi, nywele, hata chapati ya mwenzako ikitoka laini kuliko yako. Gere na kijicho nilikutana nazo kwa orodha ya visawe, mtihani ukaisha nikaziacha kwa karatasi. Vijana sasa wanasema "ako na katambe". Usiniulize imetoka wapi.

#5 Kalamu Butu
Asante Wa Githurai. Moja kwa moja.

#6 Chakechake
Mmesahau choyo. Pemba mtu wa namna hiyo tunasema "anamuonea choyo mwenzake". Hata mtoto akilia kwa sababu mdogo wake kanunuliwa viatu, bibi yake humwambia "wacha choyo".

#7 Fundi Rangi
#6 hapana mkubwa. Choyo ni ubahili. Mchoyo ni yule anayekula mlango umefungwa. Nilikuwa na mwenzangu chumba kimoja Mabibo alikuwa anaficha sukari ndani ya soksi. Yule ndiye mchoyo. Hakumwonea mtu chochote, alikuwa hataki kutoa tu.

#8 Chakechake
Soksi safi au chafu?

Fundi, neno lina mikono miwili. Mmoja unashika chako usitoe, mwingine unatamani cha mwenzako asiwe nacho. Roho ni ile ile. Na tazama umbo lake: moyo, ch-oyo. Ni moyo uliofanywa mdogo, kama chombo na vyombo, cheo na vyeo. Mwenye choyo ana kamoyo. Hivi ndivyo alivyonieleza babu yangu, na mimi nimeshika hapo.

#9 Mwalimu Zamu
Maelezo ya babu yanapendeza, ila umbo kufanana peke yake si ushahidi. Kwa mantiki hiyo "chuo" nayo ingetoka kwenye kitu kidogo.

Mimi nianzie kwenye asili, maana hapo mke wa Kalamu Butu anapata na anakosa. Husuda na hasidi ni za Kiarabu, shina moja: hasad ndilo tendo, hasidi ndiye mtendaji. Gere nayo ni ya Kiarabu, ghayra. Sasa hapa pana kichekesho. Ghayra kwa Waarabu kwanza kabisa ni ule wivu wa mume juu ya mkewe, wa mtu juu ya heshima ya nyumba yake. Kwa hiyo neno ambalo mama Pangani anasema ni la gari la jirani, kwao lilikotoka ni la ndoa. Sisi tulipolipokea tukalipasua vipande viwili: "gere" ikawa ya kutamani cha mwenzio, na "ghera" ikawa bidii, hamu ya kufanya jambo. "Mtoto amepata ghera ya kusoma." Shina moja, mmoja kaenda jela mwingine kaenda chuo kikuu.

#10 Mtoto wa Kibokoni
Mwalimu hapo kwa ghera nakuunga mkono. Na mwanamume asiyekuwa nayo kabisa, ghera ya kulinda heshima ya nyumba yake, mkewe apita na yeyote yeye atizama tu, jina lake dayuthi. Ni tusi zito, usilitamke barazani ukiwa huna mbio.

#11 Ustadhi wa Mtaa
Assalaam aleikum. Niongeze kidogo kwa #9. Wanazuoni wanatenganisha mambo mawili. Hasad ni kutamani neema ya mwenzako imuondokee, hata kama wewe huipati. Ukitamani upate kama yake bila yeye kupungukiwa, hiyo inaitwa ghibta na haina neno. Ndiyo maana tunajikinga katika Suratul Falaq, aya ya 5, "na shari ya hasidi anapohusudu". Na katika Bukhari ipo hadithi kwamba hakuna kuhusudu ila kwa watu wawili: aliyepewa mali akaitumia katika haki, na aliyepewa hekima akahukumu kwayo na kuifundisha. Wameeleza kwamba husuda hapo maana yake ni ghibta.

Ndugu Kalamu Butu, swali la kujiuliza ni moja: ulitaka lake liondoke, au ulitaka lako lije?

#12 Kalamu Butu
Nilitaka langu lije, ustadhi. Lake likipata pancha moja nisingelia.

#13 Ngoja Waje
Kesi imekwisha. Mpelekeni.

#14 Mnyalu wa Mufindi
Ghibta mtaani haipo. Mtaani kuna ROHO YA KWA NINI. Hiyo ndiyo ninayoijua mimi. Kwa nini yeye? Kwa nini gari? Kwa nini jeupe? Mtu hana ugomvi na wewe, hujamkopa, hamjagombania mwanamke, ila "kwa nini" imemkaa kooni. Akikosa la kufanya anakuwa kauzibe, anaziba njia yako hata kama yeye hapiti hapo.

Halafu kuna roho ya korosho. Iangalie korosho ilivyojikunja. Ndivyo alivyo.

#15 Dada wa Kilwa
Korosho imekukosea nini? Sisi huku ndiyo inatusomeshea watoto.

#16 Mnyalu wa Mufindi
Samahani dada. Roho ya ndizi basi.

#17 Kwaya Kuu
Bwana asifiwe. Ustadhi kaleta ya upande wake, mimi nilete ya kwetu kwa sababu inamsaidia mke wa mleta uzi. Biblia ya Union Version, Kutoka 20:5, Mungu anasema yeye ni "Mungu mwenye wivu". 34:14 imekwenda mbali zaidi, jina lake ni Mwenye wivu. Huwezi kusema Mungu ana husuda, atamhusudu nani? Ana wivu kama wa mume, taifa ndilo mke, miungu mingine ndiyo wale wanaopita pita. Paulo naye kwenye 2 Wakorintho 11:2 anawaonea watu "wivu wa Mungu", na sentensi hiyo hiyo inaendelea na habari za kuposa. Lakini ukija kwenye ubaya, lugha inabadilika. "Upendo hauhusudu." Ndugu zake Yusufu, Mwanzo 37:11, "wakamhusudu". Mithali 14:30, husuda ni ubovu wa mifupa. Watafsiri walijua wanachofanya.

#18 Fundi Rangi
Mkuu umechagua mistari. Marko 15:10 wakuu wa makuhani wanamtoa Yesu "kwa husuda". Sawa. Nenda Matendo 13:45, Wayahudi wanaona makutano yamekuja kumsikiliza Paulo, "walijaa wivu". Hapo ndoa iko wapi? Ni watu wa dini wanaona mwenzao kajaza uwanja. Hali moja, huku husuda huku wivu. Kwa hiyo hata wazee wa Union walikuwa kama Kalamu Butu.

#19 Kwaya Kuu
Nitarudi.

(Sikujua fundi unasoma.)

#20 Fundi Rangi
Rangi ikikauka kuna muda mwingi.

#21 Nyakwar Siaya
Wadau mnatafuta Uarabuni na majibu yako nyuma ya nyumba. Kwa Kijaluo wivu ni nyiego. Mke mwenza ni nyieka. Ni neno moja hilo. Ukimuita mwanamke nyieka ushaeleza mambo yote. Wivu ulizaliwa kwa boma lenye jiko mbili, halafu baadaye ndio ukaenda kwa magari.

#22 Wa Githurai
Wueh. #21 umenifungua macho. Kikuyu: mũiru ni mke mwenza, ũiru ni wivu. Nimeongea hii lugha miaka thelathini na sijawahi kuziweka pamoja.

#23 Jajja wa Masaka
Kiluganda vilevile. Muggya ni mke mwenzako, obuggya ni wivu. Lakini kwa jirani mwenye gari tuna neno jingine, ensaalwa. Huyo ni mtu hataki wewe ule. Nisameheni Kiswahili changu, nilijifunzia sokoni Owino.

#24 Mwana wa Kigali
Huku kwetu tumetenga kabisa. Mambo ya mke na mume ni ifuhe, kitenzi gufuha. Mambo ya jirani amenunua ng'ombe ni ishyari. Mke wa Kalamu Butu angekuja Kigali angeelewana na kila mtu siku ya kwanza. Na mke mwenza ni mukeba, lakini leo utalisikia zaidi kwenye mpira: Rayon na APR ni abakeba. Wake wenza wawili, mume ni kikombe.

#25 Lualaba
Jambo bandugu. Sisi Goma tunasema "iko na jaluzi", imetoka kwa Kifaransa, na inakamata vyote, bibi na motokari. Benye kusema Lingala banasema zuwa. Ila mutu akiwa anakuzuia kupanda, hapo tunatoka kwa jaluzi tunaingia kwa bulozi, ni kusema uchawi. Mupaka ni mudogo sana.

#26 Mwalimu Zamu
#21 hadi #24 hii ni hazina, shukrani. Ila tusirukie. Kwamba lugha tatu jirani zimeunganisha mke mwenza na wivu haithibitishi kwamba Kiswahili nacho kilianzia hapo. Kiswahili kina "mke mwenza" na "uke wenza", na hakuna "wivu" ndani yake. Mwenza ni mwenzako tu. Maskini, lugha ilijaribu kuwapatanisha.

#27 Bibi Harusi Mstaafu
Nimewasoma tangu juu nikanyamaza. Sasa naona mnazungumza habari za mke mwenza kama habari za samaki, niseme na mimi.

Nimekaa uke wenza miaka tisa, Tandika. Nyumba moja, milango miwili, bomba moja la uani. Mnasema wivu ni wa mume. Mume alikuwa na zamu yake, mbili kwangu mbili kwake, na nawaambieni ukweli, zile mbili za kwake nilikuwa nalala vizuri. Kilichoniuma kingine. Aliletewa jiko la gesi. Dogo, la mitungi ile ya kilo sita, la bluu. Mimi nikabaki na mkaa. Kila alfajiri nasikia "taf", kawasha. Mimi nimeinama uani napuliza, moshi machoni, uji wa watoto bado. Ule mlio tu. Mpaka leo nikiusikia kwa jirani naacha ninachofanya.

Haya, wasomi. Ule ulikuwa wivu wa mume, kwa sababu ndiye aliyemnunulia yeye na si mimi? Au ulikuwa kijicho cha jiko? Mbona mimi sikuweza kuvitenganisha?

#28 Ngoja Waje
Karanga nimeweka chini.

#29 Mtoto wa Kibokoni
Bi mkubwa, pole. Hapo mimi nasema ni wivu, jiko lilikuwa mjumbe tu.

#30 Dada wa Kilwa
Mimi nasema ni kijicho, na haki yake kabisa. Moshi ni moshi. Angeletewa na yeye jiko angelala vizuri siku zote nne.

#31 Chakechake
Kuna neno la zamani mmelisahau na nadhani ndilo linalomfaa bibi. Kulia ngoa. Ngoa ni matamanio makali ya moyo. Mtu hutimiza ngoa yake, na akikosa huku anaona mwenzake kapata, analia ngoa. Lipo hata kwenye kamusi ya Johnson ya 1939, na wametia hapo hapo kwamba ni kulia kwa wivu. Halichagui kama ni mume au ni jiko.

#32 Bibi Harusi Mstaafu
Kulia ngoa. Hilo nalichukua. Ahsante mwanangu.

#33 Kijana wa Magomeni
Wakubwa shikamooni. Na "kumrusha mtu roho" mnaliweka wapi? Maana maneno yote hapo juu ni ya yule anayeumia. Hili ni la anayeumiza. Taarabu yote ya rusha roho imesimama hapo. Mama yangu alinipeleka nikiwa mdogo. Wimbo ukifika kwenye ule mstari wenyewe, mwanamke anainuka na noti mkononi, hapiti njia fupi. Anazunguka ukumbi mpaka apite mbele ya meza ya mbaya wake, anacheza hapo, noti anaipepea, ndio anakwenda kumtunza mwimbaji. Mbaya wake anatazama dari. Wimbo unaofuata anainuka yeye, noti mbili.

#34 Fundi Rangi
Enzi za vikundi vya TOT na Muungano ungeshuhudia makubwa. Miaka ya 1990, Khadija Kopa huku, Nasma Khamis kule, mtu anakwenda kusikiliza jibu la wiki iliyopita. Mipasho mitupu.

#35 Mtoto wa Kibokoni
Na leso je? Leso yasema bila mdomo. "Hasidi hana sababu" mamangu aliivaa mwezi mzima, akipita kwenda dukani na kurudi. Hakuna aliyeuliza amlenga nani. Wawili walihama baraza.

#36 Ras Kiwembe
Na bodaboda yangu imeandikwa MWENYE WIVU AJINYONGE. Kwa hiyo kwa mujibu wa mama Pangani nawaambia wake zangu wajinyonge?

#37 Mwalimu Zamu
Ras, ushahidi wako ni mzuri kuliko unavyodhani. Hakuna anayeisoma hivyo. Kila abiria anaelewa unawasema wanaokerwa na bodaboda yako. Hapo Kalamu Butu anashinda: kwenye maandishi ya barabarani wivu umekuwa wa mali.

#38 Ras Kiwembe
Ya kwangu ni ya mkopo lakini. Mwenye wivu aje alipe marejesho.

#39 Mnyalu wa Mufindi
Viongozi nao wametuchanganya. "Muwe na wivu wa maendeleo." Tumeambiwa tuwe na wivu, mkutano wa hadhara, tukapiga makofi.

#40 Dada wa Kilwa
Kuna wivu mmoja hamjaugusa na mimi unanichefua. Mwanamke anauawa, unasikiliza taarifa: "chanzo cha tukio ni wivu wa kimapenzi." Basi, imeisha. Kama vile ni malaria. Mtaani kwetu ilitokea, marehemu nilikuwa nasuka naye nywele. Yule bwana alikuwa anampiga tangu mimba ya kwanza, watu wote wanajua, mjumbe anajua. Siku ya siku ikawa "wivu". Na wapo waliosema pale msibani, tena wanawake, "alikuwa anampenda kupita kiasi." Neno lenyewe linamfanyia usafi.

#41 Mtoto wa Kibokoni
Pole dada. Na hapo hata ile ghera niliyoisifu #10, nimeisoma tena nikaona haya kidogo.

#42 Ustadhi wa Mtaa
Dhulma haiitwi ghera. Ghera ina mipaka. Allah amrehemu.

#43 Kwaya Kuu
Nimerudi. Kuhusu Matendo 13:45 sina jibu, nimemuuliza mchungaji kasema tuonane baada ya ibada.

Ila nina jingine. Magazeti ya michezo: "mchezaji anayemhusudu ni fulani". Yaani anampenda, anamwiga! Nilipoona mara ya kwanza nikadhani kosa la uchapaji. Sasa naona kila mahali, "mwandishi ninayemhusudu". Husuda imeokoka lini?

#44 Fundi Rangi
Hiyo ipo siku nyingi. Mimi namhusudu fundi mmoja wa Keko anavyopiga brashi kwenye kingo bila gundi ya karatasi. Natamani mkono wake. Sitaki aukose.

#45 Ustadhi wa Mtaa
Kwa maana hiyo husuda imekwenda kukaa mahali pa ghibta. Sijapendezwa, lakini naona imeshahama na vyombo.

#46 Mtoto wa Kibokoni
Huku ukimwambia mtu "nakuhusudu" atavuta mtoto wake karibu amsomee.

Na kuhusu watoto: kijicho kwa mtoto mchanga ndicho hasa. Wampaka wanja baka kubwa kwenye paji, upande, vibaya vibaya kwa makusudi, ili jicho la mtu ligonge pale kwanza. Ndiyo maana nasema kijicho kimetoka kwenye jicho lenyewe, jicho linalodhuru, si tamaa ya moyo.

#47 Ras Kiwembe
Mbona sasa ki-jicho, kidogo? Jicho la kuangusha mtoto lingekuwa kubwa.

#48 Mtoto wa Kibokoni
Anayetazama kwa choyo hulifumba nusu. Jaribu kwenye kioo.

#49 Chakechake
Au ni ki- ya kudharau, kama kijitu. Sisi tunalidharau jicho lake.

#50 Ras Kiwembe
Nimejaribu kwenye kioo. Nimejiogopa.

Basi na wivu wenyewe umetoka wapi? Mimi nasema ni jivu. Zamani jivu liliitwa ivu. W-ivu. Kinachobaki moyo ukishaungua. Sihitaji kushukuriwa.

#51 Mnyalu wa Mufindi
Ni kuiva bwana. Moyo umeiva kama jipu, unasubiri kutumbuliwa.

#52 Kijana wa Magomeni
Mimi nilisikia ni ndugu na wizi. Bibi yangu wa Bagamoyo mwizi anamwita "mwivi", wizi "wivi". Mwivi na mwivu. Mmoja anaiba kwa mkono mwingine kwa macho.

#53 Mwalimu Zamu
Zote tatu tamu, mbili nazikataa. Mwivi ni iba, b ikageuka v mbele ya ile i ya mwisho. Kwa wivu kuna u mwishoni, si njia hiyo. Kuiva kungetoa sifa "-bivu", ndizi mbivu, na tunayo tayari. Jivu sina la kusema, Ras ameshajishukuru.

Tazameni umbo la zamani "mwivu", mtu mwenye wivu. Linafanana na tulia: mtulivu, legea: mlegevu, vumilia: mvumilivu. Mtu wa -vu hutoka kwenye kitenzi. Sasa mwivu ametoka kwenye kitenzi gani? Ukiondoa -vu inabaki i tupu. Ama kitenzi kilikuwepo kikafa, ama -vu hapo si ile -vu. Mimi naegemea la kwanza, lakini sina cha kuonyesha.

#54 Wa Githurai
Yaani tumekuwa tukiumwa na kitenzi kilichokufa.

#55 Fundi Rangi
Mleta uzi kapotea. Gari limepata pancha?

#56 Kalamu Butu
Nipo wakuu. Nilimpa mke wangu simu asome tangu #1, kakaa nayo saa nzima, mboga imeungua. Alipofika kwa Bibi Harusi Mstaafu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema #27 ni wivu na kijicho vyote viwili, na kwamba hakuwahi kusema haviwezi kukaa nyumba moja. Nikamwambia huko ni kubadilisha msimamo. Akasema #9 ndiye anayebadilisha, gere kwao ni gere, Mwarabu akae na ghayra yake.

Jirani leo asubuhi katupa lifti hadi stendi. Nailoni bado haijatoka, inashika mgongo kwa jasho. Sijui sasa nasikia nini, wivu umepungua lakini kuna kitu kimebaki.

#57 Dada wa Kilwa
Hilo ni donge. Linashuka taratibu, kunywa maji.

#58 Bibi Harusi Mstaafu
Au kanunue lako, baba. La bluu.

#59 Nyakwar Siaya
Mwalimu, rudi kwa #53. Kama kitenzi kilikufa, si lazima kiwe kimezikwa kwa lahaja fulani? Kuna mtu wa Lamu au Pate hapa? Tumbatu?

#60 Chakechake
Bibi yangu upande wa mama ni wa Tumbatu. Nampigia kila Ijumaa baada ya sala. Nitamuuliza, ila sikio moja halisikii, itabidi nipige kelele "mwivu" nikiwa kazini.